Zizi la Mawe Nyuma ya Bwawa

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, nilikuwa nasimama mbele ya mlango wa nyumba moja pale Stanmore, London, ufunguo mkononi, na kupiga hodi. Ufunguo nilipewa na ofisi iliyoniajiri kutunza wazee majumbani kwao, na maagizo yao yalisema fungua, ingia, jitambulishe. Mimi sikuweza. Nimezaliwa Pangani, nimelelewa na bibi ambaye hata chumbani kwa mwanawe alikuwa haingii mpaka aitikiwe, na sikuona kwa nini mzee wa watu avamiwe kitandani kwake eti kwa sababu ana miaka themanini na tisa na miguu imemgomea. Basi naita hodi, nangoja.

Siku ya kwanza hakujibu, maana hakujua ni kitu gani. Siku ya pili akauliza. Nikamweleza kwamba kwetu mgeni huita hodi mara tatu, na mwenye nyumba asipoitikia karibu, mgeni anageuza anarudi alikotoka. Akalifikiria hilo wakati namvalisha soksi.

"Kwa hiyo nikinyamaza unakwenda zako?"

"Nakwenda zangu, na uji utajipikia mwenyewe."

Tangu siku hiyo akawa anaitikia karibu, kwa Kiswahili, ila kwa makusudi mazima anangoja hodi ya tatu. Mimi nimesimama kwenye baridi na mkoba wangu, yeye yuko ndani anahesabu. Jeuri ile niliipenda sana.

Tulizungumza Kiingereza, chake cha zamani na changu cha kujiokotea, na mazungumzo yake yote yalirudi kijijini kwao. Kijiji chenyewe kiko mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka London. Jina lake sitalitaja, ni kadogo kiasi kwamba watu wake watajijua. Wakati nampaka mafuta miguuni ananipitisha njia nzima, nyumba kwa nyumba. Kanisa lenye mnara mfupi, kwa sababu waliojenga waliishiwa mawe wakaezeka pale pale walipofika. Mti wa majani meusi makaburini, ambao wazee walisema ulikuwepo kabla ya kanisa. Bomba la maji la mkono, ambalo wakati wa barafu lilifungwa matambara kama mgonjwa wa koo. Shule ya chumba kimoja. Msalaba wa mawe wenye majina ya waliokufa vitani, na kati yao ukoo mmoja umeandikwa mara tatu, ndugu wa tumbo moja. Na bwawa. Bwawa lilinipendeza kuliko vyote, maana kumbe halikuwa la bata tu. Wakati wa jua kali mbao za magurudumu zilikauka zikalegea, basi wenye mikokoteni waliiingiza bwawani na farasi wake, ikakaa majini mpaka mbao zivimbe zikaze. Mimi nilidhani Wazungu walizaliwa na magari. Sikujua kwamba nao walikuwa wakisimama kwenye tope na suruali zimekunjwa, wanangoja gurudumu livimbe.

Kijiji hakikukua, alisema, kwa sababu tajiri mwenye mashamba yote alizuia reli isipite karibu na madirisha yake. Reli ikapita kwingine, na maduka yakaifuata. Mzee alikuwa akimlaani yule tajiri kila wiki, ingawa tajiri alikufa kabla mzee hajazaliwa.

Halafu nyuma ya bwawa kulikuwa na zizi.

Zizi la mawe, la mviringo, halina paa. Zamani mnyama akipotea au akila shamba la mtu, aliswekwa humo mpaka mwenyewe aje amkomboe. Enzi za mzee lilikuwa limeshaachwa kutumika, lakini mama yake, mjane aliyefulia watu nguo, alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na yule mbuzi akaingia makaburini akala maua ya mazishi yaliyowekwa siku ile ile. Mtunza kanisa akapandwa na hasira, akamfungia zizini, akatia kufuli, akasema mpaka Jumatatu. Mama hakubishana naye. Alikwenda mchana kweupe, watu wanatoka kanisani, akaparamia ukuta na nguo zake za Jumapili, akamfungua mbuzi kwenye pete ya chuma, akambeba mabegani, akaruka naye nje. Akapita katikati ya watu wote, mbuzi analia, akamsalimia mtunza kanisa kwa adabu zote.

"Pete iko kushoto ukiingia," mzee alikuwa akiniambia. "Chini, usawa wa goti."

Alinisimulia hadithi hiyo labda mara arobaini, na mara zote arobaini pete ilikuwa kushoto, usawa wa goti.

Sasa kulikuwa na binti yake. Mwanamke wa umri wangu, hamsini na kitu, mwenye kazi kubwa ya ofisini, na kila Alhamisi jioni alikuja na ufunguo wake, anaingia na koti lake, anauliza, "Amekula? Amekwenda haja? Analala vizuri?" Ananiuliza mimi, na baba mtu amekaa pale pale na masikio yake mawili. Hasira zangu ziko karibu, na mara nyingi nilijikuta nimeshika sufuria kwa nguvu isiyohitajika. Lakini nisimsingizie. Alikuwa na hofu ya kweli. Mzee aliwahi kusahau gesi ikiwaka, na mara mbili aliulizia chai ya mkewe, na mkewe yuko kaburini miaka kumi na moja. Binti akaanza kuandika kwenye daftari kila jambo la ajabu analolisema baba yake, kwa ajili ya ofisa atakayekuja kupima kama mzee anaweza kuendelea kuishi kwake.

Na zizi likaingia daftarini. Alilitafuta kwenye mtandao. Kijiji kina ukurasa wake, wenye historia na picha: kanisa, bomba, bwawa, kibanda chekundu cha simu ambacho siku hizi kimejazwa vitabu vya kuazima. Zizi halimo. Akawaandikia wanaoutunza ule ukurasa, wakamjibu kwa upole kwamba hawajawahi kusikia kitu kama hicho. Basi akahitimisha kwamba baba yake anatunga.

Asubuhi moja nikaita hodi mara tatu na sikuitikiwa. Nikasimama. Sheria nimeitunga mimi mwenyewe, sasa nifanye nini? Nikavunja mwiko, nikaita ya nne, nikafungua. Alikuwa ameketi kitandani, mzima, uso ameuelekeza ukutani.

"Nilikuitikia ndani kwa ndani," akasema.

Binti alikuwa amemwambia jana yake, tena kwa mapenzi, kwamba ofisa anakuja wiki mbili zijazo na kwamba kuna nyumba nzuri ya kutunzia wazee, ina bustani.

"Zizi ndilo lililoniponza," mzee akasema. "Wakishaamua zizi nimelitunga, kila nitakalosema nimelitunga. Na kule hawapigi hodi, unajua. Wanaingia tu."

Nikaenda jikoni. Nilipika uji ukashika chini, jambo ambalo halijanitokea tangu nikiwa msichana.

Alhamisi nikamsubiri binti jikoni. Nikamwambia, dada, tumpeleke kijijini kwao. Akiona zizi halipo, atatulia mwenyewe. Sikusema: na likiwepo je? Akasema Jumamosi nina nafasi. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kupumzika, lakini nani angeniweka nyumbani.

Ijumaa nilipita duka la karibu na kwangu, Kenton. Mwenye duka ni Mhindi wa Mombasa, na Kiswahili chake hakijafa, kimezeeka naye tu. Nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai.

"Mama, sukari yote hii, iko arusi?"

"Naenda kijijini. Siwezi kwenda mikono mitupu."

"Kijiji gani? Tanga?"

"Cha Wazungu."

Akaacha kupima iliki. "Mimi iko hapa miaka hamsini," akasema, "hata siku moja sijaitwa kijiji yao." Akaniongezea iliki ya bure, nikaitie kwenye maandazi.

Binti yangu wa kumzaa, anayeelewa kila neno langu na kunijibu kwa Kiingereza, aliniona nakaanga maandazi alfajiri akaniambia kule hakuna mtu anayengoja sukari yangu. Nikamwambia adabu haiulizi kama inangojewa, akashika njia ya chumbani.

Tukaenda. Binti wa mzee anaendesha, mzee mbele na kofia yake, mimi nyuma na kapu, kiti cha magurudumu kimekunjwa kwenye buti. Barabara kubwa ikawa ndogo, ndogo ikawa uchochoro wenye miti pande zote, na mzee akaanza kutangaza. Sasa kilima. Sasa daraja, punguza. Sasa mnara. Na kweli, kilima, daraja, na mnara mfupi kama uliokatwa kwa kisu. Nikapiga makofi. Bomba lilikuwepo, limepakwa rangi ya kijani. Shule imekuwa nyumba ya mtu, na kengele yake bado iko juu. Msalaba upo, na wale ndugu watatu wapo. Tuliwasoma kwa sauti. Mzee alikuwa anang'aa kama bwana harusi, na binti yake, naapa, alianza kutabasamu kwa mbali.

Kisha tukafika bwawani, na nyuma ya bwawa hapakuwa na kitu. Uzio mrefu wa miti iliyobana, na nyuma yake paa za nyumba mbili tatu.

"Hapa," mzee akasema. Akanyoosha kidole. "Lilikuwa hapa."

"Baba," binti akasema polepole. "Basi, tumekuja, tumeona."

Mzee hakubishana. Alishusha mkono akauweka mapajani, na nilivyomwona hivyo nikapandwa na hasira, sijui za nani. Nikafikiri, hivi sisi ni watu gani. Tumeingia kijiji cha watu, tunazungukazunguka tunachungulia kuta zao, na hatujamsalimia hata mmoja. Kwetu ukiingia kijijini unakwenda kwanza kwa mwenyekiti, unasema mimi ni fulani, nimekuja kwa jambo fulani. Wajuzi wote watakujia wenyewe baadaye. Nikachukua kapu langu.

Nyumba ya mwenyekiti haikunipa tabu kuijua. Ilikuwa kubwa kuliko zote, katikati kabisa, imeezekwa kwa nyasi nzuri zilizokatwa kwa ustadi. Maua yamening'inia mlangoni. Nje kuna mabenchi marefu, ya wageni wenye shida zao, na juu ya nguzo kuna ubao wenye picha ya jogoo, nikajua hiyo ni alama ya chama chake. Nikasimama mlangoni na mtandio wangu, sukari mkononi, nikaita hodi kwa sauti ya nyumbani.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kikasikika kishindo cha pipa. Ya tatu, akatoka mwanamume mnene mwenye taulo begani.

"Bado hatujafungua," akasema.

Nikamsalimia vizuri, nikamwambia nimeleta salamu, naomba kumwona mwenyekiti wa kijiji. Akatazama sukari. Akanitazama mimi. Nyuma ya bega lake nikaona chupa, mstari mzima wa chupa zimepinduliwa ukutani, na bilauri za kila umbo.

Nimekaa London miaka kumi na tisa. Baa nazijua, nazipita mbali, zina vioo vikubwa na watu wanavuta sigara nje. Nani aliniambia kwamba kijijini baa inaezekwa nyasi, inapandwa maua, inakaa kimya asubuhi kama nyumba ya mcha Mungu? Mimi, niliyeswali alfajiri, nimepiga hodi tatu baa na zawadi mkononi.

Nikasikia sauti nyuma yangu. Nilidhani mtu amepaliwa. Alikuwa binti wa mzee, ameinama juu ya kiti cha magurudumu, anacheka mpaka hawezi kusimama, machozi yanamtoka. Mzee naye mabega yanacheza. Yule mwenye baa akawatazama, akaanza na yeye. Miezi minane nilikuwa namjua yule mwanamke na sikujua kama ana meno.

"Mwenyekiti hatuna, mama," mwenye baa akasema alipopata pumzi. "Ni mimi tu. Mna shida gani?"

Mzee akamweleza mwenyewe. Mwenye baa hakujua zizi. Alihamia miaka sita tu iliyopita. Lakini alijua nani wa kuuliza. Ile nyumba ya mwisho nyuma ya bwawa, akasema, bibi wa pale ameishi hapa miaka mingi kuliko sisi wote, ila hapendi wageni. Nilitaka kumwachia ile sukari kwa wema wake. Akakataa, akasema mpelekee yule, mimi ninayo.

Binti akasita. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huku watu hawagongi tu milango ya wasiowajua. Nikamwambia mimi sigongi, naita.

Lango la bibi lilikuwa la mbao, fupi. Nikaita hodi. Ya kwanza pazia likatikisika. Ya pili, hakuna. Ya tatu akajitokeza pembeni mwa nyumba, mwembamba, buti za mpira miguuni, mkasi mkubwa wa bustani mkononi.

"Sinunui kitu," akasema.

"Hatuuzi. Hujambo? Umeamkaje?"

Akasema ameamka vizuri. Na nyumbani, hawajambo? Akasema yuko peke yake, na paka. Paka hajambo? Hapo akashusha mkasi. Paka alikuwa na jicho bovu. Nikamuuliza na miguu yake, maana niliona anavyoibeba, akasema goti la kulia linamsumbua tangu masika. Na watoto? Mmoja, yuko Australia, anapiga simu Jumapili. Nilimsalimia kama ninavyosalimiwa nikirudi Pangani, bila haraka, mpaka zikaisha zote, na alipomaliza kujibu alikuwa ameshafungua lango mwenyewe bila kuombwa. Nikampa sukari. Akaishika kwa mikono miwili.

Ndipo nikamwacha mzee aongee. Akaeleza bwawa, zizi, mbuzi, mama yake. Alipofika kwenye pete alisita akamtazama binti yake, akalimeza neno. Nikalisema mimi: kushoto ukiingia, usawa wa goti.

Bibi akatikisa kichwa. "Zizi silijui," akasema. "Ninapo mahali pa kuozeshea majani tu. Mwenye nyumba kabla yangu alipatumia hivyo hivyo."

Akatutangulia, anachechemea, kupita maharage na maboga, mpaka mwisho wa bustani. Palikuwa na kichuguu cha majani yaliyooza, na kuzunguka kichuguu, kilima cha mimea ya kutambaa, minene kama mkono wangu, ya kijani kibichi, hakuna anayeweza kusema chini yake kuna nini. Isipokuwa kilima chenyewe kilikuwa cha mviringo.

Aliyeanza kuvuta ni binti. Alivua koti lake la bei akaliweka juu ya boga. Alivuta kwa mikono miwili, na mimi nikaingia upande wa pili, na bibi na mkasi wake. Majani yakatoka na mizizi na konokono. Likatokea jiwe. Likatokea jiwe la pili juu yake. Tukapata pengo, mlango ulipokuwa, tukamsukuma mzee mpaka pale, magurudumu yanazama kwenye mbolea.

"Kushoto," akasema.

Binti akapiga magoti. Akafukua majani meusi kwa mikono mitupu, akapapasa ukuta, akaganda. Halafu nikasikia chuma kinagonga jiwe. Pete ilikuwa nzito, nyekundu kwa kutu, na ilipoinuliwa na kuachwa ikagonga tena.

Mzee alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, sioni haya kusema. Binti alibaki amepiga magoti na ile pete mkononi. Akageuka akamtazama baba yake, si mimi, baba yake, akauliza:

"Mbuzi alikuwa na rangi gani?"

"Mweupe," mzee akasema. "Sikio moja jeusi."

"Na mama yako alimbeba kwenye ukuta huu?"

"Huu huu. Na kofia yake haikuanguka."

Akataka asimuliwe yote tangu mwanzo. Bibi akaleta viti na chai, akaitia ile sukari, nikafungua maandazi, na tukala pale ndani ya zizi, watu wazima wanne na paka mwenye jicho bovu. Mzee alikula maandazi matano. Alisimulia vizuri kuliko siku zote, na mara hii kulikuwa na mambo ambayo hata mimi sikuyajua: kwamba mama yake, akishafika nyumbani na mbuzi, alifunga mlango akakaa sakafuni akacheka mpaka jioni.

Ofisa alikuja kama ilivyopangwa. Sikuwepo chumbani, niliambiwa baadaye kwamba binti alikuwa na daftari lake na hakulifungua. Kuhusu gesi, wakakubaliana iwekwe jiko la umeme linalojizima lenyewe. Mzee akabaki kwake. Kwenye ukurasa wa kijiji sasa kuna picha ya zizi, na bibi wa bustani amewekwa kuwa mwangalizi wake, cheo ambacho naambiwa anakitumia vibaya.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa jikoni jioni nampashia mzee supu. Nikasikia gari, nikasikia hatua, nikangoja sauti ya ufunguo tunduni. Haikuja. Pakawa kimya, kisha mtu akakohoa upande wa pili wa mlango.

"Hodi," binti akasema. Aliitamka vibaya, kwa aibu.

Nikafungua mdomo. Mzee akaninyooshea kidole kutoka kitini kwake, ninyamaze. Macho yake yalikuwa ya mtoto.

"Hodi," ikaja ya pili.

Akajiweka sawa, akafunga kifungo cha juu cha sweta. Mvua ilikuwa imeanza nje na alijua imeanza. Akangoja.

"Hodi, Baba."

"Karibu," akasema.

Akaingia, akavua viatu, nywele zimelowa, akanipita mimi na sufuria yangu. Akavuta kiti akakaa mbele ya baba yake, akamuuliza yeye kama amekula.